Maswali ya chai ya Pu'er: mbivu na mbichi

Nusu ya maswali ya safari hii kuhusu Pu'er, chai ya Yunnan, China, ambayo mara nyingi hugandamizwa kuwa keki, yanahusu karatasi ya kufungia: imeandikwa nini, ina muhuri gani, ina picha ya mlima upi. Karatasi hainyweki. Mengine yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu yanahusu chai yenyewe.

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue mbichi au mbivu? (Arusha)

Zote mbili, gramu 25 za kila moja, na usiguse keki nzima. Mbichi ni majani yaliyoanikwa juani bila kurundikwa; mbivu yamerundikwa na kulowanishwa ili yachachuke. Keki ya kawaida ina gramu 357. Kwa mtu anayetumia gramu 6 kwa siku, hiyo ni miezi miwili ya kuvumilia chai ambayo pengine hataipenda. Mbichi ya kwanza iwe ya Yiwu, mashariki mwa Xishuangbanna, kusini mwa Yunnan, ambako chai huwa laini. Za mlima Bulang zina uchungu mkali, ziache kwanza. Mbivu iwe ya Menghai, iliyotoka kiwandani angalau miaka mitatu iliyopita.

Pima gramu 5 kwa mizani, si kwa kijiko, maana kipande kilichogandamizwa na majani yaliyolegea havijai kijiko sawasawa. Tumia bakuli dogo lenye kifuniko, la mililita 100, na maji yanayotokota. Maji ya kuosha: mimina, hesabu sekunde 5, mwaga. Maji ya kwanza ya kunywa, sekunde 10. Ya pili vilevile. Ya tatu 15. Kisha uongeze kidogo kidogo. Nusa kifuniko kikiwa cha moto, halafu kikiwa kimepoa, kwa kuwa harufu mbaya za ghala hujificha kwenye mvuke na kujitokeza kifuniko kinapopoa.

Kwenye mbichi, subiri uchungu utawanyike. Chai nzuri huachia ulimi ndani ya dakika moja na utamu ukarudi kooni. Uchungu unaong'ang'ania mpaka kikombe kinachofuata ni kasoro, na hali kadhalika ukakasi unaokaza fizi kama umetafuna ndizi mbichi. Kwenye mbivu, tafuta uzito mdomoni na utamu usio na uchachu. Inua kikombe kwenye mwanga: rangi inaweza kuwa nyekundu iliyokolea kabisa, lakini ukingo lazima uwe angavu. Ikiwa tope, ama haijapumzika tangu itoke kiwandani, ama rundo liliharibika.

Mwisho, tandaza majani yaliyolowa kwenye sahani nyeupe. Majani ya mbichi yananyumbuka na hayachaniki ukiyasugua kwa vidole. Ya mbivu ni ya kahawia na bado yana uhai. Yakiwa meusi, magumu, yamejikunja na yamekataa kufunguka hata baada ya maji kumi, rundo lilipata joto kupita kiasi na majani yakaungua. Hakuna miaka ya kuhifadhi itakayoyafufua.

Keki yangu mbichi ni ya mwaka 2006. Itakuwa mbivu lini? (Kigali)

Haitakuwa. Mbivu hutengenezwa: majani yaliyoanikwa juani hurundikwa, hulowanishwa, hufunikwa na kugeuzwa kwa takriban siku 45 hadi 60, kwa njia iliyokamilishwa Kunming na Menghai katikati ya miaka ya 1970. Mbichi ikizeeka ni mbichi iliyozeeka. Swali hili linarudi kila mara, na wauzaji wanalitumia. Ukiambiwa chai "imejiivia ghalani", ondoka.

Nimeona keki ya Lao Banzhang, miti ya miaka 800, dola 30. Niichukue? (Nairobi)

Usiichukue. Piga hesabu mwenyewe. Kilo moja ya majani makavu ya msimu wa machipuko kutoka kijiji hicho huuzwa kwa maelfu ya yuan hapohapo mlimani, kabla ya kugandamizwa, kufungwa na kusafirishwa. Theluthi ya kilo haiwezi kukufikia Nairobi kwa dola 30. Unachouziwa ni majani ya shamba la kawaida yaliyovishwa jina.

Tena, hakuna mtu anayeweza kutazama jani kavu akakutajia umri wa mti. Kinachoweza kuonjwa ni uvumilivu wa chai kwenye maji ya nane, ya tisa, ya kumi, na kama koo linabaki na unyevu au linakauka. Mwaka nao ni karata ileile. Mwaka 2007 bei za Pu'er zilipaa kisha zikaporomoka, na keki nyingi za kipindi hicho zilitengenezwa kwa haraka ya kuuza. Leo zinapigiwa debe kwa umri wake, wakati umri haugeuzi majani dhaifu kuwa mazuri.

Kuna hila nyingine ambayo wasomaji hawaiulizi na wangepaswa. Majani mazuri hutandazwa juu, yenye machipukizi meupe ya kupendeza, na makavu mabovu yakajazwa katikati. Vunja kipande ukingoni na kingine karibu na kitovu, uvipike kando kwa kando kwa uzito uleule. Muuzaji asiyekubali sampuli ya ndani amekwisha kujibu swali lako.

Mbichi changa imekuwa shubiri. Niliiacha dakika tano. (Tanga)

Dakika tano ndizo zilizokuponza. Chai ya mwaka mmoja au miwili inataka sekunde. Angalia pia ulivyoivunja: ukichoma keki kwa kisu kutoka juu unasaga majani kuwa vumbi, na vumbi hutoa uchungu wote mara moja. Ingiza sindano ya chai au bisibisi nyembamba safi kutoka ubavuni, sambamba na matabaka, kisha inua taratibu.

Lakini usikimbilie chai isiyo na uchungu hata chembe. Majani ya Pu'er hukaangwa kwenye sufuria kubwa ili kupunguza nguvu ya vimeng'enya, bila kuviua vyote, kisha huanikwa juani. Mtengenezaji akiongeza moto mno, au akikausha kwa tanuri badala ya jua, anapata chai yenye harufu nzuri ya kijani, tamu tangu siku ya kwanza, ambayo baada ya miaka michache inabaki maji ya majani tu. Ya kunywa mwaka huu, sawa. Ya kuweka akiba, hapana.

Mbivu niliyonunua inanuka shombo. Imeoza? (Zanzibar)

Inategemea. Kama ni ya mwaka huu, hiyo ni harufu ya rundo. Ivunjevunje, iweke kwenye mfuko wa karatasi au chungu kisichong'arishwa, mahali penye hewa, wiki mbili hadi nne, na ioshe mara mbili kabla ya kunywa. Ikibaki na shombo baada ya hapo, ikawa chachu au ikakwaruza koo, itupe.

Ukungu wa rangi, wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa njano: tupa keki nzima. Usikwangue. Wala usikubali hadithi kwamba ukungu wa njano ni "maua ya dhahabu". Hayo ni sifa ya matofali ya chai ya Fu ya jimbo la Hunan, ambako huoteshwa kwa makusudi katika vyumba maalumu. Kwenye keki ya Pu'er usibahatishe.

Niihifadhi vipi Dar es Salaam? Na sisi wa Muscat?

Nunueni kipima unyevu, ni kitu cha bei ndogo. Lengo ni asilimia 60 hadi 70. Dar adui ni ukungu: keki isikae sakafuni wala kugusa ukuta, na unyevu wa chumba ukipita 75, ifungie kwenye mfuko mzito pamoja na kipakiti cha kudhibiti unyevu. Wakati wa masika ifungue uinuse kila wiki. Muscat kiyoyozi hukausha chai mpaka ikalala. Dawa ni mfuko uleule, na kipakiti cha asilimia 65 au zaidi kidogo.

Kote kuwili: mbali na jikoni, karafuu, sabuni na kabati la nguo zilizofukizwa udi. Chai hunyonya harufu na hairudishi. Mbichi na mbivu zikae mbalimbali. Friji, hapana.

Kuosha si kumwaga faida yake?

Sekunde tano hazimwagi kitu utakachokikosa.

Inapunguza mwili?

Isinunuliwe kwa sababu hiyo. Soma orodha ya vilivyomo kwenye "chai za kupunguza mwili": nyingi zina sanamaki, na unachopoteza ni maji kwa kuhara. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma asivimeze na chai yoyote, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa. Na mbichi changa isinywewe tumbo tupu.

Naweza kutia maziwa?

Mbivu, ndiyo. Watibeti hunywa chai ya matofali kwa siagi ya yak na chumvi. Chemsha gramu 8 za mbivu ya bei nafuu katika lita moja, dakika tano, chuja, ndipo maziwa. Mbichi usiitie.

Namba 7572 kwenye karatasi ya keki maana yake imetengenezwa 1975?

Hapana. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka wa kubuni mchanganyiko, ya tatu ni daraja la majani, ya nne ni kiwanda: 1 Kunming, 2 Menghai, 3 Xiaguan. Tarehe ya kutengenezwa kwa kawaida huandikwa nyuma ya karatasi.