Usiziite glia gundi tu

Ndugu, umeuliza kama katika insha yako inatosha kuandika kwamba glia, yaani seli za ubongo zisizo niuroni, ni gundi inayoshikilia niuroni (seli za neva zinazopeleka ishara). Nakushauri usiishie hapo, ingawa daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyelitumia jina hilo mwaka 1856, alizielewa hivyo hasa. Astrosaiti, aina mojawapo ya glia, hufyonza glutamati (kemikali ya kupeleka ishara) inayobaki kwenye sinapsi, yaani maungano ya niuroni, na kudhibiti potasiamu, na hata ndani ya kundi hilo moja, zile za sehemu ya kijivu ya ubongo hutofautiana kwa umbo na zile za sehemu nyeupe. Oligodendrosaiti moja, glia ya aina nyingine, huvisha nyuzi nyingi za neva miyelini, yaani ala ya mafuta. Mikroglia, aina ya tatu, ambazo hazitokani na tishu iliyozaa niuroni, hulinda ubongo na hupogoa sinapsi zisizohitajika, jambo ambalo binafsi naliona la ajabu mno. Uwiano wa glia kumi kwa niuroni moja uufute katika insha yako, kwa sababu hesabu makini zinakaribia glia moja kwa kila niuroni moja.