Jibu: Upepo wa juu ya Kisumu na joto la ghafla la Ncha ya Kaskazini

Ndugu, umeuliza kama upepo wa juu kabisa hapa Kisumu unahusiana na stratosfia (tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua) ya Ncha ya Kaskazini kupata joto ghafla katikati ya majira ya baridi ya huko. Unahusiana.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia kilomita 18 hivi kwenda juu, upepo huvuma kutoka mashariki, kisha hugeuka ukatoka magharibi. Mzunguko mzima huchukua takriban miezi 28. Zile baluni za kampuni ya Loon zilizoleta intaneti Kenya mwaka 2020 zilielea humohumo.

Sasa, milima na mabara ya kaskazini husukuma juu mawimbi makubwa ya hewa. Upepo wa ikweta ukiwa wa mashariki, mawimbi hayo huzuiwa kuja huku, huelekea nchani na kuupunguza kasi upepo wa magharibi unaoizunguka ncha. Ukidhoofika mno hata kugeuka, hewa ya juu ya ncha hushuka, hugandamizwa, na joto huweza kupanda nyuzi 50 kwa siku chache. Mtaalamu wa hali ya hewa Mjerumani, Scherhag, alilibaini joto hili la ghafla akiwa Berlin mwaka 1952.

Ila upepo wa ikweta wa mashariki huongeza uwezekano tu. Januari 2009 upepo wetu ulikuwa wa magharibi, na bado joto lilipanda vikali.