Kwa wewe unayeanza kufundisha mekapu Mbeya

Wapambaji wengi hapa Mbeya huanza kufundisha bila kupanga. Mteja wa sendoff anajitazama kwenye kioo, anauliza, "Dada, na mimi si unifundishe?" Unakubali, unamweka pembeni atazame. Wengi wanaoanza hivyo hawafiki mbali. Mtu anaweza kukutazama mwezi mzima ukichora nyusi, siku akishika pensili mwenyewe hajui aanzie wapi.

Mimi hufundisha kwa nusu uso. Modo anakaa, upande wa kulia ni wangu, wa kushoto ni wa mwanafunzi. Napaka hatua moja, nasimama, naye anaifanya upande wake. Brashi yake siigusi. Akimaliza namwuliza anaona tofauti gani, na jibu litoke kwake: "Nyusi yangu imepanda," au "fondesheni imejaa hapa puani." Hamu ya kumpokonya brashi itakushika, hasa modo akianza kucheka. Vumilia. Akishajua kulitaja kosa lake, siku ya harusi ataliona bila wewe.

Kabla ya nyusi kuna rangi, na hapo usiwe na haraka. Ukienda Mwanjelwa kununua fondesheni utaona watu wanaijaribu nyuma ya kiganja, wakati kiganja hakina rangi ya uso. Mfundishe kupaka mistari mitatu ya rangi tofauti kwenye taya kushuka shingoni, kisha mtoke na modo mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Mstari usioonekana ndio rangi yake. Taa za saluni hudanganya.

Atakutana pia na mteja aliyetumia mkorogo, uso mweupe na shingo nyeusi. Hapo afuate rangi ya shingo na kifua, la sivyo picha zitaonyesha kichwa cha mtu mwingine. Ngozi ya namna hiyo huwa nyepesi na huwasha upesi, kwa hiyo praima, ile inayopakwa kabla ya fondesheni, ikiwa na spiriti aiache. Mweleze mwanafunzi kwamba vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, asije akaviuza pembeni ili kuongeza kipato. Ila mteja asisutwe mbele ya shangazi zake.

Halafu hali ya hewa. Video nyingi za mtandaoni zinahimiza poda juu ya poda. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi na upepo mkavu hupausha ngozi. Poda ikizidi, mteja akicheka tu inapasuka pembeni mwa mdomo. Paka losheni, subiri dakika tano inywewe, kisha fondesheni nyembamba, na poda iende puani na kwenye paji tu. Lakini huyo huyo mwanafunzi ataitwa Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, ambako jasho ni la kweli. Losheni nzito ya Mbeya itateleza na kila kitu kilicho juu yake. Mpe masomo yote mawili, hata kama yeye ni wa Uyole na anasema hatoki Uyole. Na kila somo liishe kwa picha ya simu yenye flashi, maana baadhi ya poda nyeupe kwenye kioo hazionekani ila kwenye picha uso unakuwa kama umemwagiwa unga.

Usafi hauna mjadala. Brashi ya maskara haipiti kwa watu wawili, maskara iliyofunguliwa ikifika miezi mitatu hadi sita hutupwa, na lipstiki hukwanguliwa kwa kijiko kidogo, haipakwi moja kwa moja mdomoni. Mwenye jicho jekundu hapakwi wanja, hata akiwa bibi harusi.

Ada chukua nusu kabla ya somo la kwanza, na muandikiane nani analeta brashi. Modo anayekuja bure mpe nauli ya bajaji, na umwambie mapema kwamba upande mmoja wa uso ni wa mwanafunzi. Usawazishe kabla hajatoka.