Lehemu ya kawaida, mbona nimeandikiwa dawa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 52 na nina kisukari. Kipimo cha lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) kilitoka kawaida, lakini nimeandikiwa atovastatini, dawa ya kushusha lehemu, miligramu 20 kila siku. Je, wamekosea? – Mama B., Majengo, Moshi

JIBU: Nzuri, mama. Hawajakosea. Zamani madaktari walifukuzia namba ya lehemu tu. Mwongozo wa Marekani wa 2013 ulihamishia macho kwenye hatari nzima ya moyo na kiharusi, na kisukari peke yake kinaipandisha. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari wa miaka 40 hadi 75 hupewa dozi ya kati: atovastatini miligramu 10 hadi 20. Miligramu 40 hadi 80 ni hasa za aliyewahi kupata shambulio la moyo, au mwenye lehemu mbaya (LDL) ya 4.9 mmol/L na zaidi.

Rudia kipimo baada ya wiki 4 hadi 12. LDL ishuke angalau asilimia 30. Isiposhuka, mara nyingi vidonge vimerukwa, kwa kuwa lehemu haiumi, na hilo linatusikitisha sana. Ukinunua klarithromaisini (antibiotiki) dukani, taja kwanza dawa hii. Zikikutana, misuli huweza kudhurika. Misuli ikiuma sana na mkojo ukageuka rangi ya chai, acha kidonge, nenda hospitali siku hiyohiyo.