Barua kwa Rehema, kuhusu fleti ya Cleveland Park

Mwanangu Rehema,

Picha za ile fleti unayotaka kununua huko Washington nimezipata, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili maana ulikuwa unaongea huku unatembea na mabasi ya Connecticut Avenue yanapita. Unauliza kama ada ya mwezi wanayotoza kwenye jengo la 1928 ni ya kawaida au wanakuchuna. Ni ya kawaida. Majengo ya kabla ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi yana boila moja inayopasha moto fleti zote, kwa hiyo joto la msimu mzima limo humo ndani ya ada, na maji pia. Na hakikisha kwanza kama ni jengo la ushirika, maana pale Connecticut Avenue yapo ya namna hiyo: hununui fleti, unanunua hisa za kampuni yenye jengo, na ndani ya ada unakuta kodi ya mali na pengine deni la jengo zima. Ukilinganisha ada hiyo na ya fleti ya kumiliki moja kwa moja, utajidanganya mwenyewe.

Hilo nimelijibu. Sasa niambie: iko ghorofa ya ngapi?

Umenitumia picha za dari, za sakafu ya mwaloni, za vile vigae vyeupe vidogo vya pembe sita bafuni, na dirisha lililojaa majani kana kwamba mtu amelichora. Hakuna hata moja ya besmenti, kule chini ya ardhi. Dalali anajua kazi yake. Unajua msimamo wangu, mmenicheka nao miaka yote wewe na kaka yako: jengo la zamani anza chini.

Wewe unaikumbuka Mount Pleasant, mtaa wetu wa zamani, kwa simba. Na kweli, mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, sikuwahi kumsikia simba akinguruma mpaka nilipofika Washington nikapanga jirani na bustani ya wanyama, dirisha wazi, alfajiri, baba yako anavaa viatu aende zamu Sauti ya Amerika. Unakumbuka pia rejeta, vile vyuma vya kupashia chumba joto, zikigonga usiku kama mtu anabisha hodi, na mimi nikikukataza kufungua ile koki nusu nusu, maana rejeta za mvuke ama uzifungue zote ama uzifunge zote, ukiacha katikati maji yanabaki humo na ndiyo yanayogonga. Haya ni mazuri, siyakatai. Lakini wewe ulikuwa unatambaa tu siku ile ya Idd, kwa hiyo yaliyotokea umeyasikia kwa kuhadithiwa, tena na baba yako, ambaye huyafanya yachekeshe.

Tulinunua ghorofa ya kwanza, kwa hesabu ya Marekani ndiyo ya chini kabisa, kwa sababu ndiyo tuliyoimudu. Mwenye jengo alitaka kuuza, na Washington ina sheria ya mwaka 1980 inayowapa wapangaji nafasi ya kununua kabla ya mtu wa nje. Tukaunda chama, tukahangaikia mkopo, wapangaji tukawa wenye nyumba. Tulikunywa chai chumba cha kufulia siku hiyo, tukapigana mabega. Nilidhani tumekuwa ndugu.

Siku ya Idd, wageni wameshakaa, pilau iko mezani, nikasikia choo kinabwata. Hakuna aliyekitumia. Nikaingia bafuni nikakuta maji ya kijivu yanapanda kutoka kwenye tundu la beseni la kuogea, taratibu, hayana haraka, na ndani yake mna unga wa kahawa na tambi. Tambi! Mimi sikupika tambi. Zilikuwa za mtu wa juu, ameosha sahani yake akaenda zake. Bomba kuu likiziba chini ya ardhi, maji ya fleti zote hayana pa kwenda, yanatokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote, na tundu hilo lilikuwa langu. Shangazi yako alishika ndoo na gauni lake jipya. Moshi wa udi na harufu ile vilikutana ukumbini, nikaona wageni wanasifia pilau kwa sauti kubwa mno.

Fundi bomba alikuja na kipande cha bomba la udongo wa kuchoma, la tangu jengo lijengwe, kimejaa mizizi. Ule mwaloni wa uani ulikuwa umepenya kwenye maungio ukanywa humo miaka na miaka. Akatueleza: kateni mti, au chimbeni mbadilishe bomba lote kwa mchango wa dharura wa kila mwenye fleti, au mnipigie simu kila mwaka nije na mashine ya kukata mizizi.

Mkutano ulikuwa chumba kilekile cha kufulia. Yule bibi wa ghorofa ya nne, wa paka, alisimama akasema mti ule ulikuwepo kabla yetu sote. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Baba yako akaninong'oneza, "Mwambie na mavi ni yetu sote." Sikumwambia. Mpaka leo maneno yale yananiwasha ulimi. Tukapiga kura, na hapo ndipo nilipoielewa hati niliyoitia saini: hawahesabu vichwa, wanahesabu asilimia, na mwenye fleti kubwa ana asilimia kubwa. Fleti kubwa zilikuwa juu. Mti ukabaki, mchango ukakataliwa, tukaamuliwa mashine ya kila mwaka. Kule Ngamiani tulikuwa vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, na choo kikijaa hakuna aliyekuwa juu yake. Hapa wao walipigia kura majani, mimi nilikuwa nakaa na mizizi.

Naandika hivi huku najisuta. Maana Julai, ile fleti yetu ndiyo iliyokuwa na kivuli, wa juu wakiungua chini ya paa na viyoyozi vyao vya dirishani vikikata umeme. Na 2004, wale nyenje wanaotoka ardhini kila baada ya miaka 17 walitoka chini ya mwaloni huohuo, ardhi ikajaa vitundu, nawe ukawajaza kwenye chupa ya maharage ukaileta jikoni. Kama mti ungekatwa, usingekuwa na chupa ile. Sawa. Ila bibi yule hakuupigia kura mti kwa ajili ya chupa yako, aliupigia kura kwa ajili ya dirisha lake. Mti mzuri unaweza kuwa mzuri na bado bili ikaenda kwa mtu mmoja.

Na usidhani ni uchungu wa tambi tu. Hati nyingi za nyumba za mji ule, za miaka lilipojengwa hilo jengo la 1928, zina kifungu kinachokataza kumuuzia mtu mweusi. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilisema mahakama haziwezi kuvitekeleza vifungu hivyo, na mojawapo ya kesi ilitoka palepale Washington, mtaa wa Bryant. Karatasi lakini zimebaki makabatini. Walioyajenga yale madirisha hawakutuwazia sisi kwenye ghorofa yoyote, ya juu wala ya chini. Sisemi usiingie. Nasema ukiingia, ingia umesoma.

Kwa hiyo omba kumbukumbu za mikutano yao, za miaka mitatu hivi, uzisome kama unavyosoma meseji za mtu. Watu hugombana juu ya kitu kile kile kinachovuja. Tazama akiba ya jengo ni kiasi gani, kisha uliza mabomba ya wima yamebadilishwa lini na bomba la maji la kutoka barabarani ni la madini ya risasi au siyo. Rangi ya kabla ya 1978 nayo huenda ina risasi, usiikwangue mwenyewe. Na umtafute mtu wa ghorofa ya kwanza, mgongee mlango, mwulize beseni lake la kuogea linaendeleaje. Atakachokujibu kina thamani kuliko mkaguzi.

Kama ununue au usinunue, usiniulize mimi, fedha ni zako na umri umeshafika. Ingawa kama ni ghorofa ya tatu, na bomba wameshalibadilisha, na ada haijapanda ghafla... hapana, nimesema sisemi. Kaka yako ataniambia nimekuamulia.

Picha ya besmenti nitumie kabla ya Jumamosi, na ipige taa ikiwa imewashwa. Msalimie mwenzio.

Mama yako