Si Kila Homa ni Malaria, na Macho Hayapimi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu homa na kikohozi. Nimechukua sita.

*Shikamoo daktari. Siku tano sasa nina homa, kichwa kinauma na kikohozi kikavu. Nilinunua mseto duka la dawa, dozi nimemaliza, homa ipo palepale. Ni malaria sugu au korona? – Mama wa watoto wanne, Gungu, Kigoma*

Marahaba mama. Ulipima kabla ya kumeza? Hujasema, na kwa uzoefu wangu asiyesema hakupima. Hapa kwetu malaria ni nyingi, kwa hiyo mtu akihisi baridi kidogo tu anakwenda dukani kununua mseto. Lakini homa, kichwa, maumivu ya mwili na uchovu ni dalili za malaria na za UVIKO-19, yaani korona, vilevile. Hata tabibu aliyezeekea kazini hawezi kuzitofautisha kwa kukutazama. Kikohozi kikavu kinanitia shaka kwamba tatizo liko kwenye njia ya hewa.

Nenda kituo cha afya leo hii. Utobolewe kidole kwa ajili ya malaria, na uwaambie habari ya kikohozi ili wakupitishie kijiti cha pamba puani. Kipimo cha haraka cha UVIKO-19 hutoa majibu ndani ya nusu saa. Jambo ambalo hukuniuliza: kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuonyesha mistari miwili, yaani una malaria, kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mweleze mhudumu ulimaliza mseto lini, na umwombe damu iangaliwe kwa hadubini. Tena mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo malaria ikionekana, usikubali kikohozi kisahauliwe. Na kama muuza dawa alikuongezea kapsuli za rangi mbili, yaani antibayotiki, hizo haziui virusi.

*Daktari, dalili za korona ni zipi? – Wasomaji wengi, Kigoma na Tabora*

Hili nimelijibu hadi nimechoka. Homa, kikohozi, koo kuuma, mafua, uchovu, mwili kuuma, wengine kuhara. Huanza siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Mkishaisoma orodha hii mnajipima wenyewe kitandani, na hapo ndipo tunapopotezana. Niandikieni dalili zilianza siku gani, nyumbani nani mwingine anaumwa, na kama mna presha, kisukari, pumu au ujauzito. Hapo nitakuwa na la kuwaambia.

*Mama anakaanga dagaa, nyumba nzima inanukia, mimi sisikii kitu. Pua haijaziba, homa sina. – Kijana, Ujiji*

Mdogo wangu, harufu kupotea ghafla na pua iko wazi ni alama nzito ya UVIKO-19. Malaria haifanyi hivyo. Mwaka 2020 na 2021 tuliiona sana. Tangu kirusi aina ya Omikroni kienee, wagonjwa wengi huanza na koo na mafua, harufu wanaisikia vizuri tu. Kwa hiyo anayesikia harufu asijihesabu mzima. Wewe kapime. Kipimo cha haraka kikisema huna, rudia baada ya siku mbili, maana mapema hukosea. Wakati huo vaa barakoa ndani ya nyumba, hasa kama kuna bibi au babu.

*Nyungu inatosha? – Msomaji, Nzega*

Kujifukiza hakutoshi. Na usimwinamishe mtoto juu ya chungu cha maji ya moto. Nimewafunga bandeji walioungua.

*Nakohoa mwezi wa pili, usiku jasho, suruali zinanivuka. Wanasema ni moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, wengine korona. – Mkulima, Urambo*

Mzee wangu, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinadai makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Acha kusingizia moshi, na wote mnaolala nyumba moja mwende pamoja.

*Mama yangu ana miaka 74 na kisukari. Homa hana, anakohoa kidogo tu, ila tangu jana hali chakula, anasinzia, na ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Nisubiri kesho? – Binti yake, Cheyo, Tabora*

Usisubiri, mwanangu. Mzee anaweza kuwa na UVIKO-19 bila homa, akaanza kwa kuchanganyikiwa na kukataa chakula. Inaweza pia kuwa sukari imeshuka au imepanda, na yote hayo ni ya hospitali, sasa hivi.

Niliwahi kuletewa mzee kwa baiskeli, anatabasamu, anasema hajambo. Nikamwambia anitajie wajukuu wake. Kila jina moja alisimama kuvuta pumzi. Kipimo cha oksijeni kidoleni kikasoma 82. Chini ya 90 ni hatari.

Kama huna kifaa hicho, mfunue kifua, tazama saa ya simu, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima akizidi 30, au midomo ikiwa ya bluu, ana hali mbaya. Lakini hata ukihesabu chache, mpeleke. Mfute rangi ya kucha mapema, inakidanganya kipimo cha oksijeni. Kwenye bajaji mketishe wima, usimlaze, na dawa zake zote za sukari zibebe.