Jibu: Kifuniko cha keni ya maziwa kinachofunguka njiani

Ndugu, umesema unapeleka maziwa Mbarara kwa boda boda, na kifuniko hufunguka kila ukiingia kwenye mashimo, hata ukikifunga kwa mpira wa tyubu. Achana na tyubu. Hulegea kwa jua, hushika mafuta ya maziwa, na vijidudu huzaliana humo.

Tafuta komeo la kukaza: kitanzi cha waya mnene kinachoshika ukingo wa kifuniko, na mkono mdogo unaoubonyeza chini. Ukisikiliza vizuri, mkono ukivuka katikati hugonga "tak", na hapo mtikisiko hauwezi kuufungua, kwa sababu mkazo wa waya wenyewe unaurudisha mkono ndani. Weka mawili, yaelekeane. Moja tu huinua kifuniko upande wa pili.

Tafadhali usimruhusu fundi atoboe keni! Kila tundu ni maficho ya uchafu ambayo brashi haifiki. Mwambie atengeneze mkanda wa chuma cha pua wa kuzunguka shingo kwa nje, ukazwe kwa bolti, makomeo yashikwe hapo.

Halafu tazama mpira wa chini ya kifuniko. Ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, hakuna komeo litakalokuokoa. Badilisha kwa mpira wa vyombo vya chakula, na uuvue kila unapoosha. Jaza keni karibu na shingo, maana maziwa yenye nafasi husukasuka yakatoa siagi.

Kwenye komeo acha tundu la kufuli dogo, hasa kama anayebeba si wewe. Maji huongezwa njiani.